Chawa wa mwatiko hawafi tena kwa dawa ya kupe: tuongeze kipimo?

SWALI

"Assalaam alaykum. Mimi ni katibu wa kikundi cha wafugaji wa mwatiko huku Kaskazini Pemba. Tuna bwawa moja nyuma ya mikoko, mita 40 kwa 25, maji tunayaingiza kwa mlango wakati wa bamvua. Tangu kaskazi ianze samaki wanajisugua ukutani na kurukaruka, na ukimshika mmoja unaona vidudu bapa vinavyong'aa, vingine vina nyuzi mbili nyuma. Jirani mwenye ng'ombe alitupa dawa yake ya kupe tukamimina. Mara ya kwanza vidudu vilianguka siku ile ile. Baada ya wiki tatu vikarudi, tukamimina tena, vikafa nusu. Mara ya tatu tulinunua kopo jipya lenye jina jingine. Kamba wote wa bwawani walielea, kaa wakapanda ukutani, lakini vidudu havikubanduka. Je, tumeuziwa dawa feki? Au tuongeze kipimo?"

JIBU

Waalaykum salaam, Bi Katibu.

Msiongeze kipimo. Natanguliza hilo kwa sababu najua kopo bado mnalo na bamvua nyingine haiko mbali. Maelezo yake ni marefu kidogo, maana swali lako limegusa jambo ambalo wafugaji wa samaki wa nchi tajiri wanapambana nalo kwa zaidi ya miaka 30, wana maabara na meli za kila aina, na bado halijawaachia.

Tuanze na hili la dawa feki. Jibu lake umeliandika mwenyewe: kamba walielea na kaa wakakimbilia ukutani. Vidudu mnavyoviona kwenye mwatiko ni jamii moja na kamba na kaa. Ni wanyama wa gamba, ila hawa wameacha kujitafutia chakula wakaamua kuishi juu ya ngozi ya samaki. Sumu inayomuua kamba ilitakiwa imuue na chawa. Kama kopo lingekuwa na maji matupu, kamba wenu wangekuwa hai hadi leo. Dawa ilikuwa dawa, ilienea bwawani, na chawa wakaihimili. Hapo ndipo ninaposhuku usugu. Huo si uthibitisho bado, na nitakueleza namna ya kuthibitisha, lakini ni dalili nzito.

Kwa maelezo yako, huyo ni chawa wa bahari wa jamii ya Caligus. Mchukue samaki mmoja, mlaze kwenye sinia lenye maji kidogo, mwangalie ubavuni na nyuma ya kichwa. Utaona kidudu cha milimita chache, bapa, kimejigandamiza kwenye ute, unaona magamba ya samaki kupitia mwili wake. Kiguse kwa ncha ya kijiti: hakisimami, kinateleza upande kama kinachosukumwa na upepo. Wenye nyuzi mbili ni majike, na kila uzi una mayai kwa makumi, yamepangwa moja nyuma ya jingine. Nasisitiza kutazama kwa sababu wafugaji wa perege kwenye maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, wana wadudu wengine wawili wanaochanganywa na huyu. Mmoja ni wa duara, mpana zaidi, ana vikombe viwili vya kunyonyea chini ya kichwa. Mwingine ni kama uzi mgumu uliochomekwa kwenye nyama ya samaki, na ukiuvuta unakatika. Huyu wa pili akishajichomeka dawa nyingi hazimng'oi, zinaua watoto wake tu walioko majini, na watu huwahi kusema "usugu" pahala ambapo hapana usugu wowote.

Sasa kopo. Ligeuze usome maandishi madogo, siyo jina kubwa la mbele. Dawa nyingi za kupe za kuogeshea na kupaka zina sipamethrini, alfasipamethrini au deltamethrini. Ukiona jina la kiini cha dawa linaishia na "thrin", basi ni kundi moja, pairethroidi, hata kama makopo yametoka nchi mbili tofauti na moja lina picha ya ng'ombe na jingine picha ya kupe. Naona kama kopo lenu la pili lilikuwa dawa ile ile iliyovaa kanzu nyingine. Zote hizi zinamshambulia mdudu mahali pamoja, kwenye mishipa ya fahamu, na mdudu aliyejua kuikwepa moja amezikwepa na nduguze.

Ukiwa bado umelishika kopo, tafuta alama ndogo ya samaki. Makopo mengi ya sumu za wadudu yanayo, na maana yake ni kwamba sumu hii isifike kwenye maji yenye samaki. Pairethroidi zinaua samaki kwa kiasi kidogo mno. Mwatiko wenu wamepona mara tatu kwa sababu sumu hizi hupenda kushikamana na tope na uchafu wa chini, na bwawa la mikokoni limejaa tope. Sehemu kubwa ya mlichomimina ililala chini kabla ya kumfikia yeyote. Ndiyo maana kuongeza kipimo ni hatari: hamjui ni kiasi gani kinanyonywa na tope, kwa hiyo hamjui ni tone lipi litakalowaua samaki. Kwa chawa waliokwisha kuwa sugu, mwatiko watatangulia kufa.

Na kipimo chenyewe mlikipataje? Hukuandika, lakini nimeona vikundi vingi vikipima kwa kizibo. Bwawa la mita 40 kwa 25 lenye kina cha sentimita 80 lina maji mita za ujazo 800, yaani lita 800,000. Kina kikiwa sentimita 40, kama inavyotokea maji mafu yakiwa yamekaa siku nyingi na jua kali, ni lita 400,000. Kizibo kile kile kwenye bwawa lile lile kimekuwa dozi mara mbili. Na hapo sijahesabu pembe ya mbali na mlango, ambako maji hayazunguki na dawa inafika nusunusu. Chawa aliyekaa kwenye samaki wa pembe hiyo anaonjeshwa sumu bila kuuawa.

Usugu wenyewe unazaliwaje? Chawa mmoja mmoja hajizoezi dawa. Aliyezaliwa dhaifu atakufa dhaifu. Lakini katika maelfu ya chawa, wachache wanazaliwa na tofauti ndogo mwilini: mmoja ana uwezo wa kuivunja sumu haraka, mwingine ile sehemu inayoshambuliwa na sumu imekaa kwa umbo lililopindika kidogo, sumu haimshiki sawasawa. Bila dawa, tofauti hiyo haina faida, na pengine inamgharimu. Tuseme walikuwa 5 kati ya 1,000. Mlipomimina mara ya kwanza mkaua 995 na mkafurahi, na mlikuwa na haki ya kufurahi. Lakini wale 5 walibaki na bwawa zima lenye samaki wa bure, hawana mshindani. Kizazi kilichofuata ni watoto wao. Mara ya pili ikafa nusu. Mara ya tatu mmeona.

Kasi ndiyo inayonisumbua zaidi kwetu sisi. Chawa hawa hawana damu moto, maisha yao yanakwenda kwa joto la maji. Chawa wa samoni kwenye maji ya nyuzi 10 huko Ulaya anahitaji wiki kadhaa kutoka yai hadi kuzaa. Caligus kwenye maji ya joto kama yetu anamaliza mzunguko kwa wiki mbili hadi tatu. Mwatiko wa kuuza mnamkuza kwa miezi mingapi? Ikiwa ni 7, chawa wamepitisha vizazi kama 10 bwawani kabla hamjavua mara moja. Kinachochukua miaka kwenye baridi, hapa kinaweza kutimia kwa msimu mmoja au miwili.

Huko kwenye baridi historia yake imeandikwa vizuri, na nadhani inafaa kikundi chenu mkaijua. Norwei na Uskoti wanafuga samoni kwenye vizimba baharini, na adui yao ni chawa anayeitwa Lepeophtheirus salmonis. Walianza na sumu za kundi la organofosfeti, trichlorfon miaka ya 1970 na dichlorvos miaka ya 1980. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Uskoti ikaripoti chawa wasiokufa kwa dichlorvos. Wakahamia pairethroidi, kundi hilo hilo la kopo lenu, na kwa muda ikawa nafuu, kisha nayo ikachoka. Karibu na mwaka 2000 ikaja emamektini, dawa ya kuchanganya na chakula. Hii ilikuwa nzuri mno, na uzuri wake ndio uliowaponza: haimsumbui samaki, haihitaji turubai wala boti, unampa chakula na chawa wanaanguka. Nani angetafuta kitu kingine? Chile iliitegemea karibu hiyo pekee kwa miaka kadhaa, na chawa wa Chile ni Caligus, ndugu wa damu wa hawa wenu. Kufikia 2007 dawa ilikuwa imepungua nguvu na vizimba vimejaa chawa. Norwei na Uskoti nako ikafuata. Wakaogesha samaki kwa hidrojeni peroksaidi, kitu ambacho wengi waliamini mdudu hawezi kukizoea kwa sababu kinashambulia kila kitu mwilini. Chawa wakakizoea.

Watafiti walipochunguza vinasaba walikuta jambo la kutisha kidogo. Usugu dhidi ya organofosfeti ulitokana hasa na badiliko moja dogo katika kimeng'enya cha mishipa ya fahamu, na badiliko hilo limesambaa Atlantiki ya Kaskazini, kutoka Norwei hadi upande wa Kanada. Watoto wa chawa wanachukuliwa na mkondo na samoni wanasafiri, kwa hiyo aliyetumia dawa vibaya kwenye hori moja, mkono mmoja wa bahari, aliwatengenezea tatizo watu ambao hatakutana nao maishani. Usugu wa pairethroidi kwa chawa hao unapita zaidi kwa mama: jike sugu anazaa watoto sugu hata akipandwa na dume dhaifu.

Hayo ya Atlantiki yana upande wa pili ambao ndio ninaotaka muushike. Kanada ina pwani mbili. Upande wa Atlantiki samoni wa kufugwa ni wengi kuliko wa porini kwa mbali sana, maana yake karibu kila chawa anaishi kwenye kizimba na karibu kila chawa amepitishwa kwenye dawa. Upande wa Pasifiki bado kuna samoni wa porini kwa mamilioni. Chawa wao hawajui dawa ni nini. Kila mwaka samaki hao wanapita karibu na vizimba, chawa dhaifu wanachanganyika na chawa sugu, wanazaana, na usugu unapunguzwa makali. Emamektini ile ile iliyoshindwa haraka Atlantiki na Chile, upande wa Pasifiki iliendelea kufanya kazi kwa miaka mingi zaidi.

Sasa tazama hori lenu. Mabwawa ni machache, na nje ya mlango kuna mkizi, mwatiko wa porini na samaki wengine wanaoingia na kutoka mikokoni kila maji yanapojaa. Nao wana chawa, na chawa wao wengi bado wanakufa kwa dawa. Hawa dhaifu ndio mtaji wenu, na si wa kikundi chenu peke yake bali wa kila mwenye bwawa kwenye hori hilo. Mkiacha kumimina, kila bamvua italeta chawa dhaifu ndani ya bwawa, na baada ya vizazi kadhaa wale sugu watakuwa wachache tena. Mkiendelea kumimina kila wiki tatu, kila chawa dhaifu anayeingia atakufa kabla hajazaa na hamtabaki na kitu cha kuchanganya. Mwenzenu akichimba bwawa la pili na la tatu hapo jirani, nao wakamimina dawa hiyo hiyo, hali yenu itafanana na Atlantiki.

Watu wa Pemba hamhitaji kwenda Norwei kuliona hili. Upuliziaji wa dawa majumbani dhidi ya malaria ulianza Zanzibar mwaka 2006 kwa dawa ya kundi la pairethroidi, huku vyandarua navyo vikiwa vimetiwa dawa za kundi hilo hilo. Malaria ilishuka sana. Baada ya miaka michache mbu wa Pemba walipopimwa wakaonekana hawafi kama zamani, na upuliziaji ukahamishiwa dawa za makundi mengine. Mliokuwepo mtakumbuka dawa ilivyobadilishwa. Tofauti ni kwamba kwenye mbu kulikuwa na wataalamu wanaopima kila msimu na kundi jingine la dawa lilikuwa tayari. Kwenye chawa wa mwatiko hakuna anayepima, na hakuna kopo la akiba linalosubiri dukani.

Nimesema ni dalili, si uthibitisho. Kuna mambo matatu yanayojifanya usugu. La kwanza ni chawa wachanga: wanapokuwa wadogo wanajifunga kwenye ngozi au mapezi ya samaki kwa uzi, na dawa nyingi za kuogesha haziwaui vizuri katika hali hiyo. Unaua wakubwa leo, wiki ijayo wadogo wamekua, unadhani ni wale wale. La pili ni mlango: bamvua moja inaweza kuleta chawa wapya. La tatu nimeshalitaja, tope. Ndiyo maana kuhesabu baada ya wiki hakusemi lolote. Kwenye majaribio ya usugu chawa huangaliwa ndani ya saa 24 baada ya kukutana na dawa, chawa wale wale, siyo wageni wao.

Kipimo rahisi mnaweza kukifanya na ofisa wa uvuvi wa wilaya, na nawasihi kifanyike yeye akiwepo. Mnahitaji mitungi minne ya kioo au chupa kubwa za plastiki zilizokatwa, maji safi ya bahari kutoka nje ya hori, na chawa wakubwa walio hai, kumi kwa kila mtungi. Watoeni taratibu kwa kijiti butu samaki akiwa kwenye sinia, msiwabane. Mtungi mmoja usiwe na dawa kabisa. Mitatu iliyobaki iwe na dawa kwa viwango vitatu vinavyopanda, na viwango hivyo apange yeye ofisa, siyo kizibo. Iwekeni kivulini. Kesho yake saa ile ile mhesabu wanaoogelea au walioshika ukuta wa mtungi, na waliolala chini wakitapatapa au wametulia. Kama kwenye mtungi usio na dawa wamekufa wengi, jaribio limeharibika, maji au mikono yenu ndiyo iliyowaua, rudieni. Kama huko wako hai na kwenye mtungi wenye dawa kali pia wako hai, basi shaka imekwisha. Mkiweza kupata chawa kutoka kwa mkizi aliyevuliwa mbali na bwawa, wawekeni kwenye mitungi mingine minne. Wao wakifa na wenu wasife, mtakuwa mmeuona usugu kwa macho, na hayo ni matokeo ambayo ZAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi ya Zanzibar, au Taasisi ya Sayansi za Bahari pale Buyu, wangependa kuyasikia. Maji ya mitungi yote yakamwagwe shimoni mbali na hori na mbali na kisima.

Sasa mfanye nini na chawa waliomo?

Mwatiko ana baraka moja ambayo samoni wa kizimbani hana kwa urahisi wake: anaishi kwenye maji ya chumvi, ya chumvi mara mbili, na maji baridi kabisa, na anahama kutoka huku kwenda kule bila taabu kubwa. Chawa wake hana uwezo huo. Chawa wa bahari akiingizwa ghafla kwenye maji baridi anavimba, anaachia, na akikaa humo anakufa. Norwei wanatumia maji baridi pia, kwa meli zenye matangi, na gharama yake inatisha. Nyinyi mnaweza kufanya kwa tangi la turubai na maji ya kisima. Lakini niseme ukweli: kwa bwawa zima la samaki wakubwa haifai. Mwatiko ni samaki wa hasira. Ukimzungushia wavu saa nne ya asubuhi atajigonga, atapukutisha magamba, na kesho utamkuta anaelea akiwa na kidonda kibaya kuliko cha chawa. Fanyeni kwa vifaranga kabla ya kuwaingiza bwawani, na kwa samaki wa ukubwa wa kiganja ikiwa hali ni mbaya, kundi dogo dogo, alfajiri, wavu laini usio na mafundo, na mmoja wenu asimame pale akiwaangalia muda wote. Samaki akianza kulalia ubavu, mrudisheni.

Masika nayo ni dawa. Mvua za Machi hadi Mei zinapunguza chumvi bwawani, na mkiufunga mlango siku za mvua kubwa badala ya kuingiza maji ya bahari, chumvi inashuka zaidi. Haitawamaliza chawa wote, maana Caligus wengine wanavumilia maji ya chumvi kidogo, lakini kuzaana kwao kunadhoofika. Angalieni tu hewa ya maji asubuhi, kwani mvua nyingi ikilala juu ya maji ya chumvi inazuia chini kupumua.

Njia nyingine ya Norwei siwashauri mjaribu. Wanapitisha samoni kwenye maji ya nyuzi 28 hadi 34 kwa nusu dakika hivi, chawa wa baridi anashtuka na kuachia. Kwetu hayo ndiyo maji ya kila siku. Chawa wa Pemba atadhani ameletwa nyumbani.

Tiba hasa ya bwawa ni kulivua na kulikausha. Mtoto wa chawa anapototolewa anaishi kwa akiba ya kiini cha yai, na ana siku chache tu za kumpata samaki. Akimkosa anakufa. Chawa mkubwa akiachwa bila samaki naye hadumu. Kwa hiyo bwawa tupu lenye jua juu yake ni sumu ambayo mpaka leo hakuna chawa aliyeizoea. Vueni wote, msibakize "wachache wa kukuzia", maana hao wachache ndio nyumba ya chawa sugu. Fungueni mlango maji yatoke, madimbwi yasibaki, tope lipasuke kwa jua. Nyunyizeni chokaa sehemu zenye unyevu. Ya kuchomwa kwa matumbawe inafanya kazi, ingawa binafsi sipendi kuona tanuri likila jiwe la bahari na kuni za mkandaa ili kuokoa bwawa la mkandaa. Mkiingiza maji mapya, yaacheni bwawani bila samaki kwa wiki moja hadi mbili kabla ya vifaranga. Mtoto wa chawa yeyote aliyeingia na maji hayo atakuwa amekufa njaa.

Mlangoni tieni wavu wa matundu madogo na muusafishe kila maji yanapoingia. Hautazuia watoto wa chawa, ni wadogo kuliko tundu lolote mtakaloweza kulisafisha. Kazi yake ni kuzuia mkizi wadogo wanaoingia na chawa wakubwa mgongoni na kubaki humo msimu mzima. Na msongamano: chawa anampata samaki kwa bahati, na bwawa likijaa kupita kiasi bahati yake inakuwa kubwa. Mkipata vifaranga kutoka kituo cha Beit el Ras, chukueni idadi ambayo bwawa linabeba, na wale wa kuvua wenyewe pwani waogesheni maji baridi kwanza.

Je, dawa haitumiki kabisa? Inaweza kutumika, lakini si kwa mkono wa kikundi peke yake. Ikifika hapo, iwe dawa iliyoruhusiwa kwa samaki wa kuliwa, kwa maelekezo ya daktari wa mifugo au ofisa wa Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi, na ya kundi tofauti na hili lililoshindwa. Mabwawa yote ya hori moja yatibiwe siku zinazokaribiana, chawa wahesabiwe kabla na kesho yake, na daftari liwekwe: tarehe, kiini cha dawa, ujazo wa maji, chawa wangapi kwa samaki wangapi. Norwei sheria inamtaka mfugaji ahesabu chawa mara kwa mara, na kiwango cha juu ni nusu ya jike mkubwa kwa kila samaki kwa wastani, na kinashuka hadi 0.2 majira ambayo samoni wadogo wa porini wanaelekea baharini. Nyinyi hamna sheria hiyo, ila samaki 10 kila wiki mbili kwenye sinia ni kazi ya nusu saa. Mtu atakayewashauri ivamektini ya ng'ombe ichanganywe na pumba, mkatalieni. Inakaa kwenye tope muda mrefu, nayo ni hatari kwa kamba na kaa, na hao kaa kuna majirani zenu wanawategemea.

Majirani hao nao waambieni kilichotokea. Dawa ya mara ya tatu haikuishia bwawani. Mlango ulipofunguliwa, mabaki yake yalitoka kwenye mikoko. Kama kuna wanaonenepesha kaa kwenye hori hilo, wana haki ya kujua kwa nini wamepoteza kaa mwezi huu, hata kama mazungumzo yatakuwa machungu. Na mlango huo uwe umefungwa kwa sasa mpaka ofisa afike, isipokuwa samaki wakianza kutwetea juu ya maji.

Samaki waliomo msiwauze wala msiwapeleke majumbani kwanza. Muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye kopo ni wa maziwa na nyama ya ng'ombe, haumhusu mwatiko. Mpelekeeni ofisa wa uvuvi kopo lenyewe, siyo jina lake kwa simu, pamoja na tarehe tatu mlizomimina, na mumwombe awaunganishe na Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar juu ya lini samaki hao wataruhusiwa kuliwa. Dawa iliyobaki rudisheni kwa mwenye ng'ombe, na kikombe mlichopimia kisioshwe horini.